Aleji au Sumu? Somo Juu ya Vipimo vya Damu kwa Wapulizaji wa Pamba

Somo la afya kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi. Katibu anaombwa kulisoma kwa sauti mbele ya kikundi, sehemu baada ya sehemu, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Kila mwaka kuanzia mwezi wa Januari, mipamba inapotoa vitumba katika mashamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mabomba ya kupulizia huteremshwa darini na ekapaki za dawa hugawiwa kwa wakulima. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa sana kwa pamba ya Taifa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dawa za kuua funza wa vitumba, vidukari na kangambili hupitia mikononi, na mara nyingi migongoni, mwa watu wetu.

Pamoja na mabomba hayo husikika neno moja: "Mimi nina aleji na dawa hii." Anayewashwa uso husema hivyo. Anayetapika jioni baada ya kupuliza husema hivyo. Hata anayetetemeka mikono na kuona ukungu machoni husema hivyo hivyo. Wenzake humwambia anywe maziwa, alale, na kesho arudi shambani, kwani aleji ni jambo la mwili wake mwenyewe na wengine haiwahusu.

Hapo ndipo penye hatari. Neno hilo moja limefunika mambo matatu yasiyofanana, na moja kati ya hayo huua. Damu inaweza kutusaidia kuyatenganisha, mradi tujue ni kipimo gani cha kuomba, kiombwe lini, na jibu lake lisomwe vipi. Hilo ndilo kusudi la somo hili.

1. KIMENG'ENYA NI NINI

Vipimo vyote viwili tutakavyovieleza vinahusu vimeng'enya. Kwa hiyo tuanze hapo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani katika mwili wa mtu, mnyama, mmea au kijidudu, bila yenyewe kuisha katika kazi hiyo. Mtu akitafuna ugali kwa muda mrefu huuona ukianza kuwa mtamu: kimeng'enya kilichomo mateni kinaugeuza wanga kuwa sukari. Nyama ngumu ikipakwa utomvu wa papai bichi hulainika, kwa sababu utomvu huo una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokatakata protini za nyama. Papaini iliwahi kuwa bidhaa iliyosafirishwa nje kutoka Afrika Mashariki.

Kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Kinachokata wanga hakikati nyama. Jambo hili tulishike, kwani litatusaidia mbele.

2. ALEJI YA KIMENG'ENYA, NA KIPIMO CHAKE

Aleji, au mzio, ni kosa la ulinzi wa mwili. Mwili una askari wake waitwao kingamwili, ambao kazi yao ni kuvitambua vitu vigeni. Kwa watu wengine, ulinzi huo hukiona kitu kisicho na madhara kwa wengi kuwa ni adui, ukatengeneza kingamwili za aina maalumu iitwayo IgE dhidi ya kitu hicho peke yake. Mtu akikutana nacho tena, kingamwili hizo huamsha chembe fulani za mwili zimwage kemikali, na hapo mtu huvimba, huwashwa, hupiga chafya, hubanwa kifua, na pengine huanguka. Aina hii ya kingamwili ilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na watafiti wawili wa Kijapani, mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa Marekani, na pia na S. G. O. Johansson na Hans Bennich kule Uppsala, Sweden.

Vimeng'enya ni protini, na protini huweza kuzusha aleji. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walieleza habari za wafanyakazi wa viwanda vya sabuni ya unga waliopata ugonjwa wa kifua kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya vilivyotiwa katika sabuni ili kuondoa madoa. Waokaji mikate huweza kupatwa na pumu kutokana na kimeng'enya cha amilesi kinachochanganywa na unga. Waliofanya kazi na vumbi la papaini nao wamepatwa vivyo hivyo.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni nyuki. Katika sumu ya nyuki mmojawapo wa vitu vinavyozusha aleji kuliko vyote ni kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2. Mtu wa kawaida akiumwa na nyuki mmoja huvimba pale alipochomwa, na yamekwisha. Mwenye aleji huweza kuvimba mwili mzima na kukosa pumzi katika dakika chache.

Kipimo cha damu cha aleji hiyo hufanywa hivi. Damu kidogo hutolewa mshipani na kuachwa ijitenge. Maji ya damu yanayobaki juu huwekwa pamoja na kimeng'enya kinachoshukiwa, ambacho kimegandishwa kwenye kitu kigumu. Kama damu ina kingamwili za IgE dhidi ya kimeng'enya hicho, zitakishika. Kila kitu kingine huoshwa, kisha huongezwa dawa ya kuonyesha kingamwili zilizobaki zimeshikilia, nazo huhesabiwa. Njia ya kwanza ya kupima hivi ilielezwa na watafiti wa Uppsala mwaka 1967. Zilizopo leo ni watoto wake.

Mambo matatu yakumbukwe juu ya kipimo hiki. Kwanza, hupima kitu kimoja tu kilichoulizwa. Damu isiyo na kingamwili za nyuki haisemi lolote juu ya karanga au vumbi. Pili, kingamwili kuonekana si lazima mtu awe mgonjwa: wako wenye kingamwili ambao hawajadhurika kamwe. Jibu la maabara husomwa pamoja na habari za mgonjwa. Tatu, aliyeumwa na nyuki akapimwa mara moja huweza kupata jibu la uongo kwamba hana kingamwili. Hivyo madaktari hupendelea kusubiri wiki 4 hadi 6, au kurudia kipimo.

Sasa tuangalie mpulizaji wetu. Je, kipimo hiki ndicho kinachomfaa? Kwa kawaida, hapana. Dawa nyingi za pamba hazimdhuru mtu kwa njia ya kingamwili. Humdhuru kwa njia nyingine kabisa, na damu yake huulizwa swali jingine.

3. SUMU INAYOFUNGA KIMENG'ENYA

Mwili huamrisha misuli, tezi na moyo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu unapofika mwisho wake hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huruka pengo dogo na kuuambia msuli: jikaze. Amri ikishafika, ni lazima ifutwe. La sivyo msuli utaendelea kujikaza bila kukoma. Mfutaji wa amri hiyo ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi.

Dawa za wadudu za kundi la fosfeti hukifunga kimeng'enya hiki. Ndivyo zinavyomuua funza; na kwa kuwa binadamu naye hutumia kimeng'enya hicho hicho, ndivyo zinavyomdhuru mpulizaji. Kolinesterasi ikifungwa, amri hazifutiki. Jasho, mate na machozi hutiririka. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Tumbo hukatwa, mtu hutapika na kuharisha. Misuli hucheza chini ya ngozi. Kifua hujaa na kubana. Na mwisho misuli ya kuvuta pumzi hulegea. Anayekufa kwa dawa hizi hufa kwa kukosa pumzi.

Katika kundi hili zimo profenofosi, klorpairifosi na dimethoeti. Majina mengi ya kundi hili huishia kwa sauti ya "fosi", ingawa si yote, na katibu anaweza kuitafuta alama hiyo kwenye lebo. Pirimifosi-methili, inayotumika katika dawa za unga za kuhifadhia mahindi na mtama, ni ndugu yao pia. Hivyo mtu huweza kukutana na kundi moja shambani na ghalani. Kundi la pili, la kabameti, nalo hukifunga kimeng'enya hicho, lakini hukiachia baada ya saa chache. Klorpairifosi iliingizwa mwaka 2025 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani, pamoja na ruhusa maalumu kwa matumizi machache.

Ni tofauti kwa kundi la pareto za viwandani, ambazo majina yake huishia kwa sauti ya "thrini", kama saipermethrini na lambda-sihalothrini. Hizi hazigusi kolinesterasi. Zikipata ngozi, hasa ya uso, huifanya iwake moto na kusisimka, kwa sababu huichokoza mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Mara nyingi hali hiyo hupita katika muda wa siku moja. Hilo ndilo jambo la tatu linaloitwa aleji, na kwa kawaida si aleji.

Lakini tahadhari: ziko dawa za pamba ambazo ndani ya chupa moja zimechanganya "fosi" na "thrini". Anayewaka uso kwa sababu ya moja huenda ameingiwa na nyingine bila kujua. Uso unaowaka uwe onyo kwamba dawa imefika mwilini.

4. DAMU HUPIMWAJE

Kolinesterasi iliyo mwisho wa mishipa ya fahamu haiwezi kuchukuliwa ikapimwa. Kwa bahati njema, kimeng'enya hicho hicho kimo katika chembe nyekundu za damu, na jamaa yake wa karibu yumo katika maji ya damu. Vyote viwili hufungwa na dawa. Kwa hiyo damu hutumika kama kioo cha kutazamia yanayotendeka katika mishipa ya fahamu.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kifaa kidogo cha kupimia vijijini. Tone la damu ya kidole hutiwa katika maji yenye rangi maalumu, kisha huongezwa asetilikolini. Kolinesterasi ikiwa nzima huivunja asetilikolini na kutoa asidi, nayo rangi hubadilika kutoka kijani kuelekea manjano. Ikiwa imefungwa, rangi hubaki ilivyokuwa. Baada ya muda uliowekwa, rangi hulinganishwa na vioo vyenye rangi na kusomwa kwa asilimia. Damu ya mtu asiyegusa dawa hupimwa kwanza ili kuweka muda ulio sahihi. Katika maabara hutumika zaidi njia iliyotolewa na George Ellman na wenzake mwaka 1961, ambayo huzalisha rangi ya manjano na kuipima kwa mashine.

Kifaa cha rangi kilisomwa hivi: 100 hadi 75 kwa mia, hali ni ya kawaida. 75 hadi 50, mtu ameingiwa na dawa; apimwe tena, na jibu likithibitika aache dawa hizo kwa wiki mbili, kisha apimwe upya. 50 hadi 25, ameingiwa vibaya. Asiguse dawa yoyote ya wadudu, na akijisikia mgonjwa aonwe na daktari. Chini ya 25, maisha yake yamo hatarini.

Mpimaji anapaswa kuhakikisha kwamba mkono umeoshwa vizuri kwa sabuni kabla ya kuchoma kidole. Dawa iliyobaki kwenye ngozi ikiingia katika tone la damu hukifunga kimeng'enya ndani ya kifaa, na mtu mzima huonekana mgonjwa.

5. KIPIMO CHA AWALI

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Watu hawafanani kwa kiasi cha kolinesterasi walichozaliwa nacho. Tuchukue mfano, na namba hizi ni za mfano tu.

Maabara inasema kiasi cha kawaida ni kati ya 24 na 40. Mpulizaji wa kwanza anapimwa mwezi wa Machi na kukutwa na 26. Anaambiwa yu mzima, arudi kazini. Lakini kama angepimwa Novemba kabla ya msimu, angekutwa na 40. Tukigawanya 26 kwa 40 tunapata 65 kwa mia: amepoteza zaidi ya theluthi moja ya kimeng'enya chake, na jibu la maabara limemwita mzima. Mpulizaji wa pili naye amekutwa na 26, lakini kipimo chake cha Novemba kilikuwa 27. Huyu hajapoteza kitu cha maana. Namba ni ile ile, hali ni mbili tofauti.

Kwa hiyo mpulizaji alinganishwe na yeye mwenyewe, si na jirani yake wala na kitabu. Kipimo kinachochukuliwa kabla ya msimu, mtu akiwa amekaa angalau mwezi mmoja bila kugusa dawa za makundi haya, huitwa kipimo cha awali. Bila hicho, kipimo cha baadaye hupoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Jimbo la California, Marekani, limewataka waajiri wa wapulizaji kufuata utaratibu huu tangu mwaka 1974. Kimeng'enya kikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 chini ya kipimo cha awali, mwajiri huchunguza jinsi kazi inavyofanywa. Kile cha chembe nyekundu kikishuka kwa asilimia 30, au kile cha maji ya damu kwa asilimia 40, mtu huondolewa kwenye dawa, wala harudi mpaka afikie asilimia 80 ya kipimo chake cha awali. Kwa mfano wetu, mpulizaji wa kwanza angerudi akifikia 32.

Na itachukua muda gani? Kile cha maji ya damu hutengenezwa na ini na hurudi katika wiki chache. Kile cha chembe nyekundu hurudi kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, takriban asilimia moja kwa siku. Aliyeshuka hadi 65 atahitaji kama wiki mbili au zaidi kufikia 80. Na hapa kuna siri ya dawa hizi: mtu anayepuliza kila wiki hushuka kidogo kidogo kabla ya kimeng'enya kurudi, bila kuumwa sana, mpaka siku moja kiasi kidogo tu cha dawa kinamwangusha. Wenzake hushangaa, kwani siku hiyo alipuliza kama siku zote.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima wafanyakazi wa kilimo 666 nchini Kenya, wakiwamo wa Naivasha na wa Homa Bay, mji ulio kwenye ukingo wa Ziwa Victoria kama ilivyo wilaya yetu ya Busega. Kati yao 390 walikuwa wakikutana na dawa za makundi tuliyoyataja, na 276 hawakukutana nazo. Waliokutana na dawa walishuka kwa wastani wa asilimia 33 chini ya vipimo vyao vya awali. Wasiokutana nazo walishuka kwa asilimia 4 tu. Watu 115 walikutwa chini ya asilimia 60. Hao hawakuokotwa hospitalini. Walikuwa watu wa kazini.

6. MAMBO AMBAYO KIPIMO HAKIONYESHI

Kipimo cha kolinesterasi hakisemi kitu juu ya dawa za "thrini" wala za makundi mengine mapya. Kwa kabameti, damu iliyocheleweshwa huonekana nzima kwa kuwa kimeng'enya kimekwisha kuachiwa. Ugonjwa wa ini, utapiamlo na ujauzito hushusha kimeng'enya cha maji ya damu bila dawa yoyote, na wako watu wachache waliozaliwa na upungufu wake. Hao wa mwisho wamweleze daktari kabla ya kupigwa nusukaputi, kwa maana dawa moja ya kulegeza misuli hukaa muda mrefu mno mwilini mwao.

Zaidi ya yote, kipimo hakimkingi mtu. Kipimo ni kama mizani ya chama: mizani huonyesha uzito wa pamba, haiongezi hata kilo moja. Kinachomkinga mpulizaji ni nguo za mikono mirefu, glovu, viatu vya mpira, kutopuliza kinyume na upepo, bomba lisilovuja mgongoni, na kuoga kwa sabuni mara baada ya kazi. Dawa hizi huingia hasa kwa njia ya ngozi. Kitambaa kilichofungwa puani, huku shati limelowa dawa, ni ulinzi mdogo sana.

7. KAZI YA CHAMA CHA MSINGI

Hapo zamani, katika mwaka 1973, wananchi wengi wa nchi hii walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza somo la "Mtu ni Afya", kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo halikuishia masikioni. Vivyo hivyo tunapendekeza mambo haya yafikishwe katika mkutano mkuu wa kila chama.

(a) Orodha ya wapulizaji. Katibu awaandike wote, hasa vijana wanaopuliza kwa malipo. Mwenye ekari tatu hupuliza shamba lake na kupumzika. Kijana wa kukodiwa hupuliza la huyu leo na la yule kesho, msimu mzima, naye ndiye anayeshuka kuliko wote. Mara nyingi si mwanachama, na jina lake halimo katika kitabu chochote.

(b) Daftari la dawa. Kwa kila dawa inayogawiwa iandikwe jina, kundi lake, tarehe, na rangi ya ukanda wa lebo. Nyekundu ni ya hatari kubwa kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Daftari hili ndilo daktari atakaloliomba kwanza. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyo na makao yake Arusha, isipokewe ghalani.

(c) Kuuliza mapema. Kabla ya Novemba, bodi imwandikie mganga mkuu wa wilaya kuuliza kipimo cha kolinesterasi kinafanyika wapi, kwa gharama gani, na damu isafirishwe namna gani. Vyama kadhaa vikiungana kupitia chama kikuu, sauti huwa kubwa na gharama huwa ndogo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi nao waulizwe.

(d) Siri. Jibu la damu ni la mwenye damu. Katibu apewe neno moja tu: afaa kupuliza, au apumzike.

(e) Ujira wa anayepumzishwa. Hili ndilo jambo gumu, na chama kisilikwepe. Kijana anayeambiwa "usiguse dawa kwa wiki mbili" katikati ya Februari amenyang'anywa mshahara wake. Asipopewa kazi nyingine atalikwepa jina lake katika orodha, atapuliza kwa siri katika kijiji cha jirani, na kipimo kitakuwa kimemfukuza badala ya kumlinda. Kwa hiyo kabla ya kupima damu ya mtu yeyote, mkutano uamue: atapewa palizi, ulinzi wa ghala, au kuhesabu mipamba yenye wadudu ili wenzake wajue ni lini inafaa kupuliza? Kazi hii ya mwisho ina faida mara mbili, kwani shamba lililokaguliwa vizuri hupulizwa mara chache zaidi.

8. MTU AKIZIDIWA SHAMBANI

Kipimo kisisubiriwe. Mpulizaji anayetokwa jasho na mate kwa wingi, mwenye mboni zilizosinyaa na misuli inayocheza, anatibiwa kwa dalili zake. Damu huchukuliwa huku tiba ikiendelea. Mtoeni shambani. Mvueni nguo zilizolowa, na anayemsaidia avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Mlazeni ubavu ili matapishi yasimzibe. Msimpe maziwa, msimtapishe. Mkimbizeni kituoni, na lebo ya dawa iende pamoja naye. Tiba ipo: atropini, na kwa kundi la fosfeti daktari huweza kuongeza pralidoksimu. Atropini ina manufaa makubwa ikiwahi.

Na yule aliyevimba mwili baada ya kuumwa na nyuki, akabanwa pumzi, naye akimbizwe vivyo hivyo. Tiba yake ni adrenalini, si atropini. Mwambieni mhudumu kilichotokea, kwa maana tiba mbili hizi hazibadilishani nafasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mpulizaji anasema: "Nina aleji na dawa." Mtamwuliza mambo gani manne kujua kama ni uso kuwaka, sumu iliyofunga kimeng'enya, au aleji kweli?

2. Kipimo cha awali cha mtu ni 30, na cha Machi ni 21. Amebaki na asilimia ngapi? Aendelee kupuliza? Atarudi akifikia ngapi?

3. Chukueni lebo tatu zilizomo ghalani kwenu. Ipi ina "fosi", ipi ina "thrini", na ipi ina zote mbili?

4. Katika kijiji chenu ni vijana wangapi wanaopuliza kwa malipo, na chama kitawapa kazi gani wakipumzishwa?

Jibu la swali la pili: amebaki na asilimia 70, yaani ameshuka kwa asilimia 30, aondolewe kwenye dawa, na asirudi mpaka afikie 24.

Ndugu wanachama, tumezoea kuandika katika vitabu vyetu kila kilo ya pamba, kila ekapaki na kila shilingi. Mpulizaji aliyeibeba dawa hiyo mgongoni naye ana haki ya kuandikwa. Tunawatakia majadiliano mema na msimu wenye afya.